Mama Pasi na Zabuni ya Mashuka

Jina la Mama Pasi alipewa na wapishi wa hoteli, kwa sababu alikuwa hawezi kupita mbele ya kitu kilichojikunja bila kukinyoosha. Vitambaa vya meza, aproni, hata gazeti la mgeni aliyeliacha mapokezi. Alifanya udobi katika hoteli hiyo miaka kumi na mmoja, kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha, ambako mvuke ulikuwa mwingi mpaka saa ya ukutani ikaota ukungu ndani ya kioo. Hoteli ilipofilisika na vitu vyake kupigwa mnada, wenzake waligombea televisheni na makochi. Yeye alinunua mashine moja kubwa ya kufulia, yenye kutu miguuni, na pasi ya mvuke ambayo fundi umeme aliitazama mara moja tu akatikisa kichwa.

"Hii mama, utaiombea dua," fundi akasema.

"Wewe itengeneze. Dua niachie mimi."

Mashine ilifungwa nyuma ya nyumba, katika chumba kilichokuwa stoo. Mumewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ambaye hata mkewe alimwita Mwalimu tu, alibomoa ukuta ili mashine ipite, kisha akaujenga upya kwa mikono yake. Wateja wa mwanzo walikuwa nyumba mbili za wageni, saluni moja, na zahanati ya jirani iliyoleta makoti meupe. Zahanati ndiyo iliyomfundisha Mama Pasi madoa ya wagonjwa. Damu haitaki maji ya moto, ukiyamwaga tu inang'ang'ania kitambaa milele. Dawa ya kidonda ya rangi ya kahawia inahitaji kulowekwa na kusubiriwa. Uji unatoka kirahisi, lakini ukiusahau siku mbili utadhani ni gundi. Aliweza kushika shuka lililokuja kufuliwa na kukwambia mgonjwa aliyelilalia alikuwa na nini, na mara nyingi alikuwa sahihi.

Kwa hiyo hospitali kubwa ya mji ilipobandika tangazo la zabuni ya kufua mashuka, mapazia na nguo za chumba cha upasuaji kwa miaka miwili, muuguzi wa zahanati alilipiga picha akamtumia. Chini yake akaandika: "Hii ni yako, ukitaka."

Mama Pasi alitaka. Nyaraka zenyewe zilikuwa kurasa sitini na moja. Mwalimu alizisoma zote kwa sauti mezani, kama anayesahihisha mtihani, na mkewe akawa anajaza kwa mwandiko wake wa kulala upande. Fomu zilikuwa tisa. Namba saba iliitwa Tamko la Bei: hapo mzabuni anaandika bei yake kwa tarakimu na kwa maneno, anagonga muhuri, anatia sahihi. Ilitakiwa bahasha moja yenye nyaraka halisi na nyingine yenye nakala yake, zote zidumbukizwe kwenye sanduku la hospitali kabla ya saa nne kamili asubuhi.

Siku ya mwisho ilikuwa ya hekaheka. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Uliporudi asubuhi, Mwalimu alitoka mbio na makaratasi kwenda duka la kopi la mtaa wa pili, akihofia utakatika tena. Muhuri wa Mama Pasi nao, aliouagiza kwa mchongaji wiki nzima nyuma, uliletwa saa mbili na nusu, ukiwa bado unanuka mpira mbichi. Mama Pasi akakaa sakafuni na nyaraka halisi, akawa anagonga na kusaini, anagonga na kusaini, huku Mwalimu amechuchumaa pembeni anafunga bahasha ya nakala kwa gundi. Walifika kwenye sanduku zikiwa zimebaki dakika kumi na nne. Mama Pasi alikuwa na wino mpaka kwenye kiwiko.

Bahasha zilifunguliwa saa nne na nusu katika ukumbi wa mikutano, mbele ya wazabuni wote, na wote walikuwa watatu. Afisa manunuzi, kijana mwembamba mwenye tai iliyolegea, alisoma bei kwa sauti. Ya Mama Pasi ilikuwa ndogo kuliko zote. Katibu wa kamati ya zabuni aliandika muhtasari, nyaraka halisi zikarudishwa kwenye bahasha zake zikafungwa kwa lakiri, na nakala zikazungushwa ili wazabuni wazione. Aliyekaa karibu na Mama Pasi alikuwa mwakilishi wa kampuni moja kubwa ya usafi, bwana mwenye begi la ngozi alilolipakata kama mtoto mchanga. Mama Pasi alimpa jina moyoni: Bwana Begi. Alikaa na nakala ya Mama Pasi muda mrefu kidogo, akifunua taratibu, kisha akaipeleka mbele.

"Mama," akasema kwa upole walipokuwa wanatoka, "hii si kazi ya beseni, ujue. Mbele ya mitambo kama ya kwetu, sidhani kama utafua dafu."

"Dafu sifui, baba," Mama Pasi akajibu. "Mimi nafua mashuka."

Katibu wa kamati alishindwa kujizuia akacheka.

Wiki ya sita barua ikaja. Hospitali inakusudia kumpa zabuni. Mama Pasi aliisoma aya ya kwanza mara tatu, akampa Mwalimu naye aisome, akaikunja vizuri akaitia kwenye kabati la vyombo, nyuma ya sahani za wageni. Ya chini hakuyasoma. Yalikuwa maneno madogo, na furaha haina subira na maneno madogo.

Siku nne baadaye afisa manunuzi akapiga simu.

"Mama, mashine ya hospitali imekufa kabisa. Wodi mbili wagonjwa wanalalia magodoro matupu. Anza Jumatatu, tafadhali. Mkataba unaandaliwa."

"Nianze tu?"

"Anza. Gari litaleta mzigo saa kumi na mbili asubuhi."

Akaanza. Alimwita shoga yake waliyefua naye hotelini, mama mnene mcheshi aliyekuwa amebaki kuuza sabuni za unga kwa vikombe, na shoga naye akamleta mdogo wake. Siku tisa mashine haikupoa. Kamba za kuanikia zilijaa uani, zikavuka kwa jirani kwa ruhusa yake, na mtu aliyeingia kwao ilibidi ainame na kupapasa njia kati ya mashuka meupe. Siku ya sita muuguzi mkuu alimpigia simu hana hili wala lile, kumwambia tu kwamba bibi mmoja wa wodi ya wanawake ameuliza kama amehamishiwa hospitali nyingine, maana shuka la leo linanukia jua. Mama Pasi aliyarudia maneno hayo kwa kila mtu, pamoja na fundi umeme.

Siku ya kumi gari lilikuja tupu. Dereva alishuka na bahasha, akakwepa kumtazama.

"Nimeambiwa nikupe hii, mama. Na nichukue yaliyo tayari."

Barua ilikuwa fupi. Hospitali imepokea malalamiko ya mzabuni mwingine. Imepitia upya zabuni ya Mama Pasi na kuona kwamba Fomu Namba Saba, Tamko la Bei, haina sahihi. Zabuni isiyosainiwa ni batili. Kwa hiyo kusudio la awali limefutwa, na zabuni itapewa mshindi wa pili.

Mshindi wa pili ilikuwa kampuni ya Bwana Begi.

"Kuna mzigo ndani ya mashine," shoga yake akasema. "Tuizime?"

Mama Pasi aliikunja barua. "Tuizime kwa nini? Mashuka yana kosa gani?" Wakamaliza kuyafua, wakayasuuza, wakayaanika, wakayapiga pasi, na siku ya pili yake yakarudishwa yamekunjwa kumi kumi kama kawaida. Baada ya hapo ndipo alipokaa chini.

Jioni walitoa kopi yao waliyobaki nayo nyumbani. Fomu Namba Saba ilikuwa na bei kwa tarakimu, bei kwa maneno, na chini yake mstari mtupu. Hapana muhuri, hapana sahihi.

"Lakini hii umepiga kopi kabla muhuri haujaja," Mama Pasi akasema.

"Ndiyo. Niliogopa umeme."

"Basi kwenye halisi nilisaini baadaye. Si ulikuwa umekaa hapo hapo, Mwalimu? Uliniona nikisaini hii namba saba?"

Mwalimu alivua miwani. Mtu huyu alifundisha miaka thelathini na minne bila kumwongezea mwanafunzi hata nusu alama. "Nilikuona unasaini. Kama ulisaini hii, sikuona."

"Yaani unataka kusema sikusaini?"

"Sijasema hivyo. Nimesema sikuona."

Usiku huo walilala wamegeuziana migongo. Na kilichomkera Mama Pasi zaidi si mumewe. Ni kwamba yeye mwenyewe, kila alipofumba macho, aliuona muhuri ukishuka, aliuona wino kwenye vidole, lakini kalamu juu ya fomu ile hakuiona.

Mtu pekee wa sheria katika ukoo alikuwa wifi yake, dada mdogo wa Mwalimu, aliyekuwa na ofisi ya uwakili ya chumba kimoja juu ya duka la dawa. Ila wifi huyo na Mama Pasi walikuwa na miaka sita hawajaongea zaidi ya salamu. Mama mkwe alipofariki, Mama Pasi, aliyemuuguza mpaka mwisho, alifua nguo za marehemu zote, akazipiga pasi, akazigawa kwa majirani. Wifi, bintiye marehemu, aliporudi kutoka masomoni hakukuta hata kitambaa cha kichwa.

Mama Pasi alijikaza kisabuni, akapanda ngazi za duka la dawa akiwa na faili kwapani.

Wifi alimkaribisha kiti, akasoma barua zote mbili bila kuinua uso. "Unataka kudai nini?" hatimaye akauliza.

"Wamevunja mkataba. Walinipa kazi, nikaifanya siku tisa, wakaninyang'anya."

"Mkataba upi?"

"Walitangaza zabuni, nikaomba, nikawa wa kwanza. Wakaniandikia. Wakanipigia simu nianze. Huo si mkataba?"

"Subiri, wifi. Tangazo la hospitali halikuwa ofa. Lilikuwa kama kusema: tuna mashuka machafu, nani anataka kuyafua, na kwa bei gani? Ofa ni ile bahasha yako. Wewe ndiye uliyesema, mimi nitafua, kwa bei hii, kwa masharti haya. Sasa ofa inasubiri kukubaliwa. Isipokubaliwa na mwenye mamlaka, kwa njia inayotakiwa, hakuna mkataba. Umesoma hapa chini?"

Mama Pasi akasogeza karatasi karibu na macho. Paliandikwa: barua hii si mkataba, wala haimpi mzabuni haki ya kuanza kazi.

"Lakini afisa alinipigia mwenyewe!"

"Afisa manunuzi hana mamlaka ya kuifunga hospitali kwa simu. Wiki mbili za kusubiri baada ya barua ya kusudio zilikuwa hazijaisha, na zimewekwa ili wengine wapate nafasi ya kulalamika. Wakalalamika."

"Mimi nilipeleka mashuka safi na wao wakayapokea. Hakuna aliyesema neno. Wamenyamaza, wametandika, wamelalia. Si wamekubali?"

Hapo wifi aliweka kalamu chini. "Kunyamaza si kukubali," akasema, na sauti yake ikabadilika kidogo. "Unakumbuka ujumbe ulionitumia kuhusu nguo za mama? Ulisema, Jumamosi nitazigawa, kama hutaki nijulishe. Mimi nilikuwa kwenye chumba cha mtihani. Nilipofungua simu ilikuwa Jumapili. Wewe ulihesabu kimya changu ni ndiyo."

Chini dukani mtu alikuwa anakohoa, na muuza dawa anamuuliza kama kikohozi kina makohozi.

"Nilidhani nakupunguzia uchungu," Mama Pasi akasema.

"Najua ulidhani."

Kisha wifi akavuta nyaraka za zabuni, akaanza kuzisoma toka ukurasa wa kwanza, na Mama Pasi akajua kwamba kesi imepokelewa. Kwenye ukurasa wa kumi na mbili wifi akagonga mstari kwa kucha. Ulisema kwamba pale nakala inapotofautiana na halisi, itakayofuatwa ni halisi.

"Hawa wameangalia ipi?"

"Sijui."

"Na kwenye halisi ulisaini?"

Mama Pasi alitamani sana kusema ndiyo. "Sijui, wifi. Nadhani nilisaini. Siwezi kuapa."

"Vizuri. Usije ukaapa. Lakini ujue, tukienda mbele ya bodi ya rufaa na halisi ikakutwa tupu, umeumbuka mji mzima, na mimi pamoja nawe. Zimebaki siku mbili za kuwasilisha malalamiko. Lifikirie usiku huu, kesho unijibu."

Mama Pasi hakungoja kesho. Alishuka mpaka ngazi ya tatu, akarudi. "Andika," akasema kutoka mlangoni. "Kama nimekosea, nitajua nimekosea. Hivi nilivyo sasa sijui chochote."

Kwanza walimwandikia mkurugenzi wa hospitali, maana ndivyo utaratibu unavyotaka. Akajibu kwa mistari minne kwamba uamuzi haubadiliki. Wakaomba muhtasari wa ufunguzi wa zabuni, hawakupewa. Ndipo wakakata rufaa kwenye bodi ya rufaa za zabuni. Wiki zile mashine ya Mama Pasi ilirudia makoti ya zahanati na taulo za saluni. Shoga yake aliendelea kuja hata siku ambazo kazi haikuwepo, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kumchekesha kwa kumwigiza Bwana Begi akifua begi lake.

Bodi ilikaa asubuhi moja katika chumba cha ghorofa ya pili, chenye feni inayolia na meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cha kijani. Mama Pasi alikiona kimekunjamana kona moja, akajizuia. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye sauti ndogo, jaji wa zamani, na pande zake wajumbe wawili. Upande wa pili walikuwa mwanasheria wa hospitali, afisa manunuzi na tai yake, na nyuma yao Bwana Begi.

Wifi alikuwa ameshauri waliache dai la mkataba. Mama Pasi alikataa katakata, alitaka asikilizwe. Kwa hiyo mwenyekiti alianza nalo.

"Nani alikuambia uanze kazi?"

"Afisa manunuzi, mheshimiwa. Kwa simu."

"Kuna maandishi?"

"Hakuna."

"Naomba utusomee maneno ya mwisho ya hii barua."

Akayasoma. Katika chumba kile maneno madogo yalisikika makubwa. Mwanasheria wa hospitali alisimama akasema kwamba hospitali haina kumbukumbu ya simu yoyote, na kama mama huyu alichukua mashuka alijichukulia. Mama Pasi aligeuka kumtazama afisa manunuzi. Kijana alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha akanyanyua mkono kama mwanafunzi.

"Mheshimiwa, simu nilipiga mimi. Yeye hakujichukulia. Wagonjwa walikuwa wanalalia plastiki ya godoro, nikaona nisingoje. Sikuwa na mamlaka, lakini nilipiga."

Mwanasheria wake alimkunjia uso. Mwenyekiti aliandika kwa muda mrefu.

"Sasa tuje kwenye sahihi," akasema. "Kamati yenu ya tathmini, fomu hii isiyo na sahihi iliikuta kwenye nyaraka halisi au kwenye nakala?"

"Kwenye nakala, mheshimiwa," afisa manunuzi akajibu.

"Na halisi?"

"Halisi ilikuwa kabatini."

"Kwa nini haikutolewa?"

Afisa manunuzi aliivuta tai yake. "Ufunguo wa kabati anao katibu. Na katibu alikuwa likizo."

Mjumbe mmoja alijifanya anapenga kamasi ili asicheke. Mwenyekiti hakucheka. Aliamuru kabati lifunguliwe, bahasha iletwe kama ilivyo, pamoja na muhtasari wa ufunguzi, na shauri likaahirishwa kwa saa mbili.

Mama Pasi, Mwalimu na wifi walikaa kwenye benchi la korido. Watu wa ofisi nyingine walipita na vikombe vya chai. Mwalimu alikuwa anahesabu vigae vya sakafu, midomo ikichezacheza. Mama Pasi aliona mikono yake mwenyewe imejikunja mapajani, akainyoosha.

"Wifi, kama haipo?"

"Kama haipo, tutashuka ngazi tutarudi nyumbani. Hakuna atakayekufa."

"Hata hivyo ahsante."

"Ahsante ya nini, na bado hatujashinda?"

"Ya kupokea hili faili." Kisha, kwa kuwa hapakuwa na la kufanya ila kusubiri, akaongeza, "Zile nguo za mama. Nilipaswa kukungoja. Hata mwezi. Ilikuwa kosa langu, nisamehe."

Wifi alitazama mbele, akatikisa kichwa kidogo kukubali. "Khanga moja tu ndiyo niliyokuwa naitaka," akasema. "Ile ya bluu, iliyopauka." Mwalimu akaacha kuhesabu vigae.

Bahasha ililetwa na katibu mwenyewe. Mwenyekiti aliikagua lakiri, akaifungua kwa mkasi, akafunua kurasa moja moja bila haraka. Alipofika alipokuwa anakwenda, akaigeuza karatasi ili wote waione. Muhuri ulikuwepo, umegongwa kichwa chini. Juu yake ilikuwepo sahihi ya kulala upande, na pembeni alama ya kidole gumba cha wino.

"Hii ni yako?"

"Ndiyo," Mama Pasi akasema. "Naomba nikae." Alikuwa tayari amekaa.

Bwana Begi alisimama. Akasema kwa heshima kwamba bahasha ilikuwa mikononi mwa hospitali miezi karibu mitatu, na hakuna ajuaye sahihi hiyo iliwekwa lini. Halikuwa swali la kijinga, na mwenyekiti hakulifanya la kijinga. Alivuta muhtasari wa siku ya ufunguzi akausoma. Kwenye safu ya Mama Pasi, katibu alikuwa ameandika siku ile ile, mbele ya watu wote: Tamko la Bei, limesainiwa na kugongwa muhuri. Chini ya muhtasari kulikuwa na sahihi za wawakilishi wa wazabuni watatu waliothibitisha kwamba yaliyoandikwa ni kweli. Ya pili ilikuwa ya Bwana Begi.

Aliikodolea macho, akakaa. Labda hakuwa ameusoma muhtasari kabla ya kusaini, kama vile Mama Pasi hakuwa amesoma barua yake mpaka chini.

Uamuzi uliahidiwa baada ya wiki mbili. Kabla haujatoka, barua nyingine ya hospitali ikafika. Zabuni zote zilikuwa hai kwa siku tisini, na siku hizo zilibaki tano. Hospitali ilikuwa inawaomba wazabuni waongeze siku thelathini, kwa bei ile ile, ili uamuzi usubiriwe.

Mama Pasi alipanda tena ngazi za duka la dawa. "Nisipoongeza?"

"Ofa yako inakufa. Hata bodi ikikupa ushindi, hapatakuwa na kitu cha kukubaliwa. Unaondoka, na hakuna wa kukulaumu. Ni haki yako kabisa."

Alirudi nyumbani na karatasi ile, akaiweka mezani siku mbili nzima. Alikuwa amechoka. Alifikiria kuwajibu kwa mistari minne, kama mkurugenzi alivyowajibu wao. Sabuni ilikuwa imepanda, na bei yake ilikuwa ile ile ya zamani. Mwalimu, aliyekuwa na maoni kuhusu kila kitu, safari hii alisema tu kwamba ofa ni ya mwenye ofa. Siku ya tatu Mama Pasi alikumbuka wodi ambazo hakuwahi kuziona, akajiambia kwamba kazi alishaitaka tangu mwanzo na hakuna kilichobadilika ila hasira. Akasaini. Mwalimu aliitwa asimame aone kalamu ikishuka, na baada ya hapo ndipo kopi ikapigwa.

Bodi iliamua mambo matatu. Mkataba haukuwepo: barua ya kusudio haikuwa kukubali, na simu ya asiye na mamlaka haikuweza kuifunga hospitali. Hata hivyo hospitali ilinufaika na kazi ya siku tisa na ikaipokea, kwa hiyo iilipe kwa thamani yake ya haki. Na kuiondoa zabuni yake kwa kutazama nakala huku halisi ipo kulikuwa kinyume cha nyaraka za hospitali yenyewe, tathmini irudiwe. Ikarudiwa, kwa halisi safari hii. Mama Pasi akawa wa kwanza tena.

Afisa manunuzi alipiga simu. Alikuwa amepewa onyo la maandishi kwa ile simu ya kwanza, na sauti yake ilikuwa ya tahadhari. "Mama, wodi zina shida ya mashuka..."

"Pole sana, mwanangu. Mkataba uko wapi?"

"Kesho kutwa utakuwa tayari."

"Basi kesho kutwa nitakuja kusaini, na mtondo nitaanza."

Akaenda na wifi. Waliusoma wote, ukurasa kwa ukurasa, mpaka maneno madogo, huku mkurugenzi akitazama saa yake. Kisha pande mbili zikatia sahihi, na asubuhi iliyofuata gari likaja limejaa.

Kazi ile aliifanya miaka miwili bila barua ya onyo hata moja. Alinunua mashine ya pili, akaajiri wanawake watano. Shoga yake akawa msimamizi wao, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwakataza watu wasimwage maji ya moto kwenye damu. Mkataba ulipokwisha zabuni ilitangazwa upya. Mama Pasi aliomba, akawa wa pili. Wa kwanza alikuwa mzabuni mgeni kabisa, mwenye mashine mpya na bei ya chini kuliko yake.

Mwalimu aliisoma barua akavua miwani. "Twende bodi?"

Mama Pasi aliichukua, akaisoma toka juu mpaka chini, kisha akasoma na muhtasari wa ufunguzi, ambao siku hizi hospitali iliutoa bila kuombwa. Alitafuta kosa kwa uaminifu kama anavyotafuta doa, na hakuliona.

"Hapana," akasema. "Hawa wametushinda." Mchana huo alimtuma shoga yake akaulize kwenye ile shule ya bweni nje ya mji, maana alisikia wana mablanketi mia tatu na hawana dobi.